Mkazi Mmoja Alishukuru

Stesheni yetu ilikuwa ya mbao, ya rangi ya njano iliyopauka, na ilijengwa kabla babu wa mume wangu hajazaliwa. Iko kusini mwa Stockholm, ukishapita Jordbro, kwenye reli inayoteremka kuelekea baharini. Treni zinasimama pale mpaka leo. Lakini mkata tiketi wa mwisho aliondoka miaka mingi kabla sijafika, na dirisha lake likapigiliwa ubao. Kilichobaki wazi kwa watu kilikuwa chumba kimoja tu cha kungojea treni, chenye mabenchi mawili marefu, jiko la vigae la kuotea moto lisilowashwa, na kipasha joto kimoja chini ya dirisha. Mlango ulijifungua wenyewe alfajiri na kujifunga wenyewe jioni. Hakukuwa na mlinzi wala msimamizi.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru. Nilikuja Uswidi kusoma, nikaolewa na kijana wa mtaa huu, nikapata kazi katika duka la dawa katikati ya jiji. Miaka yangu ya kwanza hapa sikuwahi kuketi ndani ya chumba kile. Nilitoka nyumbani dakika nne kabla ya treni, mkate ungali mdomoni, na stesheni kwangu ilikuwa ukuta wa njano nilioupita mbio upande wa kushoto.

Asubuhi moja ya Januari theluji ilikuwa imeanguka kwa wingi, na ubao wa matangazo ukaandika *inställt*, neno ambalo kila anayeishi huku hulijua mapema: treni imefutwa. Iliyofuata nayo ikafutwa. Nikaingia ndani kukimbia baridi, na hapo nikasikia mtu akizungumza Kiswahili kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliye sebuleni kwake.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mfupi, amevaa koti la kiume lililomfika vifundoni. Kando yake palikuwa na chupa ya chai na vikombe vinne vya bati. Alikuwa akimweleza mtu jinsi ya kupika maharage bila kuyaacha yapasuke. Alipomaliza nikamsogelea.

“Mama, habari ya asubuhi?”

Akanitazama toka juu mpaka chini. “Wewe wa wapi?”

“Kenya. Nakuru.”

“Ndiyo maana Kiswahili chako kimekonda hivyo. Keti unywe chai.”

Nikaketi. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi kiasi cha kunitoa machozi. Kwa muda wa saa moja na nusu, huku treni zikiendelea kufutwa, nilipata habari zake zote. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, wa mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho kinachosemwa barabarani. Alikaa kambini Tanzania miaka mingi, akamzika mume wake huko huko, kisha akaletwa Uswidi. Mwanawe wa pekee alipelekwa Uholanzi, akaoa huko. Yeye alikuwa akifagia na kupiga deki katika maghala ya Jordbro, kituo si mbali, na alikaa peke yake katika chumba na jiko hatua chache kutoka relini. Nilimwita Mama tu, naye akaniita mwanangu, na hayo ndiyo majina tuliyotumia mpaka mwisho.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kutoka nyumbani dakika ishirini kabla ya treni.

Nilipoanza kukaa mle ndani ndipo nilipoona alichokuwa akifanya. Kila asubuhi alifuta mabenchi kwa kitambaa alichokuja nacho mfukoni. Dirishani aliweka ua jekundu ndani ya kopo la nyanya. Ukutani alifunga kamba, na kwenye kamba hiyo alianika glavu zilizosahauliwa na abiria, baada ya kuzifua kwake, ili wenyewe wakipita wazichukue. Nyingine zilikuwa za watoto, ndogo kama mbegu za embe. Watu walizichukua kweli. Mzee mmoja wa Kiswidi mwenye mbwa alikuja kila siku, ingawa hakusafiri kokote. Alikunywa kikombe kimoja, akaguna, akaenda zake. Wafanyakazi wa maghalani, Waeritrea na Wapolandi na wengine nisiowajua, walimsalimia kila mmoja kwa lugha yake, naye akawajibu wote kwa Kiswahili. Kiswidi chake wakati ule kilikuwa maneno kumi na tano, labda ishirini. Lakini alijua nani anaumwa mgongo na nani ana mtihani wa udereva.

Nami nikawa msaada wake wa barua. Barua za ofisi, za hospitali, za mwenye nyumba: alizileta stesheni ndani ya mfuko wa plastiki, nikamsomea, nikampigia simu anayehitaji kupigiwa. Nilijisikia mtu wa maana. Nalisema hili kwa sababu lina uhusiano na yaliyofuata.

Majira fulani ya kiangazi alikwenda kumtembelea mwanawe Uholanzi, akakaa wiki tatu. Aliporudi hakuwa na habari ya mjukuu wala ya mkwe. Habari yake ilikuwa moja: stesheni.

Katika mji mdogo wa mwanawe, alisema, palikuwa na stesheni ya matofali mekundu, kuukuu kama hii yetu au zaidi. Watu wa reli hawakuihitaji tena, basi wenyeji wakaichukua. Palipokuwa pakikatwa tiketi pakawa mkahawa, wazee wastaafu wanapika kahawa kwa zamu. Katika stoo ya mizigo kuna mtu anatengeneza baiskeli. Juu, alikokuwa akiishi mkuu wa stesheni, kwaya inafanya mazoezi. Wanaongoja treni wanangojea humo humo, katikati ya hayo yote.

“Nikamuuliza mwanangu, nani kawapa ruhusa? Akasema waliomba. Waliomba tu, mwanangu! Wakapewa ufunguo.”

Alinionyesha picha kwenye simu. Amesimama mlangoni pa jengo lile, kikombe mkononi, kando ya mzee mrefu wa Kidachi aliyevaa aproni. Wote wawili wanacheka.

Majira yote ya baridi yaliyofuata hatukuzungumza kingine. Alichora ramani ya stesheni yetu nyuma ya bahasha. Hapa chai. Hapa meza ya kusaidia watoto kazi za shule. Juu, kwaya ya kanisa lao, ambayo ilikuwa ikisafiri mpaka Hallunda, mtaa wa mbali pembezoni mwa jiji, kufanya mazoezi katika chumba cha kuazima. Alikwishazungumza na wanawake wenzake sita, Warundi na Wanyarwanda na Mkongo mmoja, na kila mmoja alikwisha kubali siku yake ya zamu. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia ndoto. Sikumwambia hivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa nikimsikiliza.

Kisha machipuko yakaja na karatasi ikabandikwa mlangoni. Nikamsomea. Chumba cha kungojea kingefungwa mwisho wa kiangazi. Jengo lingekodishwa kwa shughuli nyingine, na abiria wangejengewa kibanda cha vioo kwenye jukwaa la kupandia treni. Wakazi walikaribishwa kwenye mkutano katika bwalo la shule ya mtaa, waeleze maoni yao.

“Maoni,” alisema Mama. “Maana yake wanauliza?”

“Wanauliza.”

“Basi tutakwenda kuwajibu. Wewe utanitafsiria.”

Hakuniambia nitafsiri vizuri, wala nisipunguze neno. Haikumjia akilini kwamba kuna namna nyingine ya kutafsiri.

Siku ya mkutano alikuja amevaa kitenge kipya cha buluu na kilemba chake, koti la kiume ameliacha nyumbani ingawa jioni bado ilikuwa na baridi. Mkononi alishika karatasi aliyoandika hoja zake. Bwaloni kulikuwa na watu kama arobaini, kahawa, na maandazi ya mdalasini. Karibu wote walikuwa Waswidi, na karibu wote niliwajua kwa sura: majirani, walimu, wateja, wazazi wa watoto waliosoma na wanangu. Safu ya pili aliketi mama mkwe wangu pamoja na rafiki zake wawili. Aliponiona akanipungia mkono.

Mwakilishi wa wenye jengo alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti laini. Alionyesha picha za kibanda cha vioo, chenye benchi linalopashwa joto. Mtu mmoja akauliza kuhusu maegesho ya magari. Mwingine akauliza kuhusu maegesho ya baiskeli. Kisha Mama akainua mkono, tukasimama wote wawili.

Aliyosema ninayakumbuka neno kwa neno, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

“Nyinyi mna magari,” alisema. “Hapa ndani sijaona mtu hata mmoja niliyekaa naye pale stesheni, isipokuwa huyu. Mnatunyang'anya nyumba na kutupatia kioo, tukae ndani kama samaki, kila anayepita atutazame. Mimi nimefuta mabenchi yale miaka minne. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyeniuliza jina. Sikuja kulia. Nimekuja kuomba ufunguo. Kwa mwanangu, Uholanzi, stesheni ni kuukuu kama hii na watu wanaiendesha wenyewe, nimeiona kwa macho yangu, picha ninayo hapa. Tuko wanawake saba. Tumekwisha kugawana siku. Tupeni mwaka mmoja. Tukishindwa, fungeni, na mimi mwenyewe nitawaletea ufunguo.”

Alisema bila kupaza sauti, lakini alikuwa amenyoosha kidole, na watu wa huku hawajazoea kunyooshewa kidole. Nikaona uso wa mama mkwe wangu umekaza kidogo, kama mtu anayesubiri glasi ianguke. Nikaona watu arobaini wakinitazama mimi, si yeye.

Nilikuwa nimeishi katika mtaa ule miaka mingi nikijitahidi kuwa mgeni asiyesumbua. Nilikuwa nimejifunza kuanza kila ombi kwa “labda” na kila lalamiko kwa “samahani”. Sikuamua kufanya nilichofanya. Ningeamua, pengine lingekuwa kosa jepesi kulieleza. Nilifungua mdomo na Kiswidi kikatoka chenyewe, laini, chenye adabu.

Nilisema: huyu mama anapenda kuwaambia kwamba chumba cha kungojea kimekuwa na maana kubwa kwake, akiwa mgeni katika nchi hii. Amekutana na watu wengi pale. Anashukuru sana kwa miaka hiyo. Anasikitika kidogo kwamba kitafungwa, na anatumaini kibanda kipya kitakuwa na joto.

Kisha mtu akaanza kupiga makofi, na bwalo zima likafuata. Mwanamke mmoja akajifuta jicho. Mwakilishi akaweka mkono kifuani na kuniambia: mwambie tunamshukuru kwa maneno yake mazuri.

Mama akanigeukia, uso unang'aa. “Wamesemaje?”

“Wamesema…” Nilitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. “Wamesema watalifikiria.”

Uongo wa kwanza naweza kuusamehe kidogo, ulinitoka kwa hofu. Huu wa pili niliusema baada ya kupumua.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mama alitembea haraka kuliko kawaida yake, akizungumza njia nzima. “Umeona walivyopiga makofi? Nilidhani watakasirika. Nilisema maneno makali, mwanangu, makali kabisa, na wakapiga makofi. Watu hawa tumewafikiria vibaya.” Nikasema ndiyo. Nyumbani mume wangu aliniuliza mkutano ulikwendaje. Mama yake alikwisha mpigia simu kumwambia jinsi nilivyotafsiri vizuri. Nikamwambia nimechoka, nikaenda kuoga.

Mama akaanza kungoja barua. Kila asubuhi nilipoingia stesheni aliniuliza kwa nyusi tu. Mwezi wa Mei ukaisha, Juni ukaisha. Wakati huo huo mambo yake yalisonga mbele. Mmoja wa wanawake wale sita alikuwa na cherehani, wakashona mapazia ya madirisha manne, kitambaa cheupe chenye maua madogo ya kijani. Alinionyesha. Pindo lilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi ile ile, kazi safi.

“Mama,” nilimwambia, “ngoja kwanza wajibu.”

“Wakijibu tutakuwa tayari.”

Nilikuwa na nafasi thelathini, arobaini, za kumwambia kweli. Kila siku ilikuwa na dakika ishirini. Nilijiambia nitaandika barua mimi mwenyewe, niwaeleze wenye jengo mpango wake wote, na hivyo kosa litakuwa limejirekebisha bila mtu kujua. Niliianza barua hiyo mara mbili kwenye simu, nikiwa kwenye treni. Lakini kuiandika kungenilazimu nieleze kwa nini mambo hayo hayakusemwa mkutanoni, na kila nilipofika hapo, treni nayo ilikuwa imefika nishuke. Likizo ikaja, tukaenda Kenya wiki tano.

Niliporudi, Agosti ikielekea ukingoni, mlango wa stesheni ulikuwa umefungwa. Kioo kilikuwa kimebandikwa karatasi kwa ndani. Mama alikuwa amesimama nje kwenye mvua nyepesi, chupa ya chai mkononi, pamoja na yule mzee mwenye mbwa. Ua lake lilikuwa limewekwa chini ukutani, ndani ya kopo lake, na mtu alikuwa ameikunja ile kamba ya glavu vizuri na kuiweka kando.

“Labda barua imepotea,” aliniambia. “Wapigie.”

“Nitawapigia,” nikasema.

Sikuwapigia.

Ilikuwa wiki moja au mbili baadaye. Tulikuwa ndani ya kibanda kipya cha vioo, Mama na mimi na abiria wengine watatu, wote tumesimama kwa sababu benchi linatosha watu wawili na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi. Mwanamke mmoja jirani, aliyekuwapo mkutanoni, akamgusa Mama begani na kumwambia kwa Kiswidi cha polepole, kama unavyomwambia mtoto, kwamba hajasahau maneno yake. Yalikuwa mazuri mno. Jinsi alivyokuwa *tacksam*.

Mama akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Mwanamke akapanda treni ya upande wa pili. Mama akabaki ametazama reli.

“*Tacksam*,” alisema. “Neno hilo ninalijua. Ni mtu mwenye shukrani.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilishukuru nini?”

Treni yetu ilikuwa inaingia. Ningeweza kusema sijui, au kwamba yule jirani amechanganya. Nilikuwa na jibu la namna hiyo tayari ulimini. Lakini alikuwa akinitazama, na nikaona amekwisha kuelewa nusu, na kwamba anangoja tu nimpe nusu iliyobaki.

Nikamwambia. Milango ya treni ikafunguka na kujifunga mbele yetu, abiria wengine wakaondoka, nasi tukabaki wawili ndani ya kioo. Nilimwambia nilichosema mkutanoni, na walichojibu, na nilichomwambia yeye walijibu.



“Ndiyo maana wakapiga makofi,” alisema. “Mimi niliwaza, watu gani hawa, unawasema na wanakupigia makofi.”

“Mama, nisamehe. Niliogopa watakuona mkali.”

“Mimi ni mkali.”

“Niliogopa hawatakusikiliza.”

“Sasa walinisikiliza?” Akachukua chupa yake, akaibana kwapani. “Hukuogopa wanione mimi, mwanangu. Uliogopa wakuone wewe.”

Treni nyingine ilipokuja alipanda, nami nikapanda, tukasimama mwisho mmoja wa behewa bila kuzungumza mpaka aliposhuka Jordbro.

Wiki hiyo niliandika ile barua. Safari hii niliimaliza jioni moja. Niliandika kila alichosema, kidole, samaki, ufunguo, Uholanzi, wanawake saba, na nikaeleza kwamba kosa lilikuwa langu. Jibu lilikuja upesi, tena la heshima. Walisikitika kusikia hivyo. Jengo lilikwisha kukodishwa kwa miaka kadhaa. Mpango kama huo ungefaa kujadiliwa, ila katika mkutano haukutajwa, na waliniambatishia kumbukumbu za mkutano nijionee. Nikazifungua. Maegesho ya magari yalikuwa na mistari sita. Maegesho ya baiskeli, minne. Chini kabisa paliandikwa: Mkazi mmoja alishukuru kwa chumba cha kungojea.

Nikauliza kama kumbukumbu zinaweza kusahihishwa. Hazikuweza, kwa sababu ndiyo maneno yaliyosemwa bwaloni.

Sijui kama mpango wake ungefaulu. Mume wangu, nilipomweleza hatimaye, alisema pengine wangekataa tu, kwa upole, na jengo lingekodishwa vile vile. Inawezekana. Lakini wangemkatalia yeye, kwa alichoomba, naye angerudi nyumbani akiwa na hasira yake mwenyewe na kujua la kufanya baadaye. Mimi nilimpa miezi minne ya kungoja kitu ambacho hakikuwa njiani.

Barua ile na jibu lake nilimpelekea nyumbani. Alinikaribisha ndani, akanipa chai. Mapazia yalikuwa yamekunjwa juu ya kabati. Nilianza kumsomea lile jibu, akainua mkono. “Iache hapo. Nitaisoma.” Nikamkumbusha kwamba ni Kiswidi. “Najua ni nini,” alisema. Alikuwa amejiandikisha shule ya lugha, jioni mbili kwa wiki, baada ya kazi. Tangu siku hiyo hakuniletea barua tena. Mfuko wake wa plastiki nilikuja kuuona siku moja stesheni, umejaa vitabu vya mazoezi.

Mwaka uliofuata alihamia Hallunda, karibu na kanisa lao. Hakuniaga, wala sina haki ya kusema alipaswa kuniaga. Stesheni ya zamani sasa ni ofisi ya watu wanaochora ramani za nyumba. Wameirudishia rangi ya njano vizuri kabisa, na mchana unawaona ndani kupitia madirisha, kila mmoja na kompyuta yake. Yule mzee mwenye mbwa alikuja siku chache, akasimama kidogo mbele ya kibanda, kisha nikaacha kumwona.

Nilionana na Mama mara moja tu baadaye, msibani Hallunda, kwa familia moja ya Kirundi niliyoijua kupitia duka la dawa. Ukumbi ulijaa. Nilimwona upande wa pili, akigawa chakula, amenenepa kidogo, ameanza kutumia miwani. Alifika kwangu, akaniwekea wali na sombe, yale majani ya muhogo, akaongeza nyama bila mimi kuomba.

“Mama,” nikasema, “hujambo? Habari za siku nyingi?”

Alinijibu kwa Kiswidi. Alisema hajambo, ameshukuru, na kwamba watoto wangu lazima wawe wamekua. Maneno mengine aliyaweka mahali pasipo pake, na vokali aliziimba kama mtu wa Buyenzi. Lakini alisema yote, na hakuharakisha. Nyumbani watoto wangu hunijibu kwa Kiswidi kila siku na nimezoea. Hili halikuwa hilo. Pale ukumbini kila mtu alikuwa akizungumza Kiswahili au Kirundi, mimi peke yangu ndiye niliyepewa Kiswidi.

Nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo, maana ningefanya nini. Akaniuliza kama bado natafsiria watu. Nikamwambia hapana, niliacha tangu wakati ule. Nilidhani nikisema hivyo ataona nilivyojutia.

Alifikiri kidogo, kijiko cha kugawia kikiwa kimetulia juu ya sufuria.

“Kwa hiyo sasa nani anakwenda na watu hao?” aliuliza.

Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga mstari na sahani zao, akamtazama aliyefuata na kumuuliza kwa Kiswahili kama anataka pilipili.